Sarafu Haikumbuki, Ziwa Linakumbuka

Shika sarafu ya shilingi 100, ile yenye sura ya Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, usimame njiani Musoma. Ikiangukia upande wa Mwalimu, piga hatua moja kwenda mjini. Ikiangukia upande wa pili, moja kwenda ziwani. Ukirusha mara 100, kwa kawaida utajikuta hatua kama 10 kutoka ulipoanzia, maana umbali hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mirusho. Kuuongeza maradufu kunadai mirusho 400.

Ndio mlango wa somo la michakato nasibu chuo kikuu. Sarafu haina kumbukumbu, ila mahali uliposimama panayo: ni jumla ya mirusho yote iliyopita.

Kina cha Ziwa Victoria ni jumla ya namna hiyo. Karibu asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Mto Mara na mingine huleta kilichobaki. Mvuke huondoa karibu kiasi kile kile cha mvua, na mto unaotoka ni mmoja tu, Naili, pale Jinja. Kwa hiyo maji ya mwaka mzuri hukawia kuisha, na mwaka unaofuata huanzia juu. Mvua za 1961 zilipoanza, ziwa lilipanda zaidi ya meta 2 kufikia 1964. Mei 2020 likafika tena kwenye kimo kile.

Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyefika Misri mwaka 1906, aligundua jambo zito zaidi: hata mirusho yenyewe, yaani maji ya Naili ya kila mwaka, hukumbuka. Miaka ya maji hufuatana, ya ukame nayo hufuatana. Katika matokeo aliyochapisha 1951, badala ya kipeo 0.5 cha sarafu, ndicho kile kipeuo cha pili, alipata takriban 0.73. Pandisha 100 kwa vipeo hivyo: cha kwanza kinatoa 10, cha pili karibu 29.

Hapa ndipo namwonea uchungu mwanafunzi aliyefundishwa kwa dadu peke yake. Akiambiwa uwezekano wa mafuriko ni 1 kwa 50 kila mwaka, atazidisha na kusema miaka miwili mfululizo ni 1 kwa 2,500. Hesabu hiyo ni sahihi kwa dadu. Kwa anayejenga Bunda kando ya Ghuba ya Speke, ni hatari: mwaka wa pili maji tayari yako mlangoni.