MKANDA WA MASHINE: USINGOJE UKATIKE

Katika vijiji vya mkoa wa Tanga, kuanzia Mkinga mpaka Pangani, na kutoka Muheza mpaka Handeni, mashine ya kusaga ni mali kubwa. Ikisimama, kila nyumba inajua. Akina mama hujitwika mahindi kwenda kijiji cha pili, au hurudia kinu na mchi. Mara nyingi kilichosimamisha mashine si injini. Ni mkanda wa mpira tu. Je, tutajuaje kuwa mkanda umezeeka kabla haujakatika?

Kazi ya mkanda

Injini ya dizeli au mota ya umeme huzungusha puli, yaani gurudumu la chuma lenye mfereji. Mkanda huchukua nguvu hiyo na kuipeleka kwenye puli ya mashine. Mikanda mingi ina umbo la herufi V. Hubana kwenye kuta mbili za mfereji. Basi, kumbuka jambo hili: mbavu za mkanda ndizo zinazofanya kazi, si tumbo lake.

Kwa nini mpira huzeeka?

Sisi watu wa Tanga si wageni wa mpira. Wajerumani waliupanda kwa wingi Usambara na Muheza, mpaka bei yake ilipoanguka mwaka 1913. Hata leo, huko Kihuhwi wilayani Muheza liko shamba la mpira. Mti hugemwa, ukatoa utomvu mweupe.

Utomvu ukiachwa hivi hivi hulainika kwa joto. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kuwa mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huwa imara. Lakini imara si kusema wa milele. Hewa, jua na joto huukausha mpira polepole. Mafuta ya dizeli na grisi huulainisha na kuuvimbisha. Kwa hiyo mkanda huzeeka hata kama mashine haifanyi kazi. Na huku pwani hewa ya chumvi hutia puli kutu. Kutu hiyo nayo huula mkanda kama tupa.

Dalili za mkanda uliozeeka

Kagua mkanda kila wiki. Lakini kwanza zima injini, na ngojea kila kitu kisimame. Kama ni mota, zima umeme kwenye swichi kuu. Mkanda unaozunguka huvuta kanga, kanzu, hata mkono. Kisha tazama:

1. Ukiukunja, una nyufa ndogo ndogo kama udongo uliokauka.
2. Mbavu zake zinang'aa na ni ngumu.
3. Nyuzi zimetokeza pembeni.
4. Umezama mpaka tumbo linagusa chini ya mfereji.
5. Umevimba au unanata kwa mafuta.

Ukiona mojawapo, nunua mkanda mpya. Mashine ikipiga kelele au ikitoa harufu ya mpira unaoungua, huenda mkanda umelegea tu. Ukaze. Kelele ikiendelea, mwite fundi. Usipake sabuni wala grisi ati mkanda ushike. Utakuwa unauharibu zaidi.

Soma mkanda wako

Hapa ndipo kusoma kunapolipa. Mgongoni mwa mkanda kumeandikwa, kwa mfano, B 68. Herufi B inaonyesha upana, kama milimita 17. Namba 68 ni urefu wa ndani kwa inchi. Andika maneno hayo kwenye daftari la mashine, pamoja na tarehe uliyoufunga. Maandishi ya mkanda hufutika, lakini daftari litabaki. Utakapokwenda dukani hutahangaika kukisia.

Kama mashine ina mikanda 3, badili yote pamoja. Mpya mmoja ukiwekwa kati ya wazee wawili, utabeba mzigo wote peke yake, nao hautadumu.

Namna ya kuufunga

Usiulazimishe mkanda kwa nondo. Legeza bolti za injini, isogeze, uuvike taratibu. Kagua kwa uzi kama puli mbili zimenyooka. Kaza, kisha bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Puli zikiwa zimeachana kama meta moja, mkanda uzame kiasi cha upana wa kidole. Ukikazwa mno utaua beringi. Ukilegea utateleza na kuungua. Baada ya siku ya kwanza ya kazi kaza tena, maana mkanda mpya hunyumbuka.

Ni vizuri kijiji kiwe na mkanda wa akiba. Uwekwe mahali pakavu penye kivuli, mbali na dizeli.

Na gari je?

Gari kuukuu nalo ni vivyo hivyo. Mkanda wa feni ukikatika, injini hupata moto. Baadhi ya injini zina mkanda mwingine uliofichwa ndani, ambao huendesha valvu. Huo ukikatika, katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni, na gharama yake si ndogo. Baadhi ya magari ya dizeli ya Toyota yana taa iliyoandikwa T-BELT. Ikiwaka, maana yake muda wa kuubadili umefika. Usitazame kilomita peke yake. Gari lililokaa miaka mingi chini ya mwembe lina mikanda iliyozeeka, ingawa halikwenda mbali.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya mkanda mmoja ni ndogo kuliko siku tatu za kijiji kizima kukosa unga.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Mashine ya kijiji chetu ina mikanda mingapi? Imeandikwa nini?
2. Ilifungwa lini? Nani ameandika tarehe hiyo?
3. Je, mkanda umezungushiwa wavu ili watoto na akina mama wasiguswe?