Mtangazaji na Kipindi Chenye Jina Lake: Mfano wa Melissa Harris-Perry

Kiingereza humwita kiongozi wa kipindi cha habari kwa neno lile lile la nanga. Kiswahili hakikuifuata istiari hiyo, bali kimetosheka na mtangazaji au msomaji wa habari, yaani kimemtaja mtu kwa kazi ya ulimi wake. Tofauti hii si ndogo. Nanga hukishika chombo, hali msomaji hushikwa na yale aliyoandikiwa. Mkasa wa Melissa Harris-Perry nchini Marekani waonyesha jinsi maana hizi mbili ziwezavyo kugombana ndani ya mtu mmoja.

MSNBC, kituo kilichoanzishwa mwaka 1996, kilikuwa miongoni mwa vituo vya televisheni ya kebo, ambavyo hupata fedha kwa matangazo ya biashara na kwa ada zilipwazo na wenye nyumba kupitia kampuni za kebo. Vituo vya namna hii aghalabu huwaweka watangazaji wao mashuhuri jioni za siku za kazi. Asubuhi za mwisho wa juma zina watazamaji wachache, na kwa sababu hiyo hiyo zina nafasi ya majaribio. Kipindi kilichobeba jina la Harris-Perry kilianza Februari 18, 2012, kikatangazwa Jumamosi na Jumapili, saa nne hadi saa sita mchana kwa saa za New York.

Mwenyewe alikuwa profesa wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Tulane, kisha Wake Forest, wala hakuuacha ualimu. Lugha yake ilikuwa ya darasani: istilahi ilifafanuliwa kwanza, historia ikafuata, ndipo wageni wakaachiwa uwanja. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, wanawake na wanazuoni, watu ambao meza za siasa za Jumapili hazikuzoea kuwakaribisha. Watazamaji aliwapa nchi ya kubuni, Nerdland, jina litokanalo na neno la kumdhihaki mtu aliyezama vitabuni. Hapo dhihaka iligeuzwa uraia, na hiyo ni kazi ya lugha hasa. Uhuru huo ulikuwa na hatari yake: Januari 2014 aliomba radhi hewani kwa mzaha uliofanywa kipindini juu ya picha ya familia ya Mitt Romney.

Mapema mwaka 2016, msimu wa uchaguzi, kipindi kiliondolewa hewani wiki kadhaa ili kupisha habari za kura za mchujo. Alipotakiwa arudi kuongoza habari hizo mwishoni mwa Februari, alikataa. Katika barua kwa wenzake, iliyotangazwa Februari 26, alieleza kwamba walinyamazishwa, na kwamba hakuwa tayari kutumiwa kama chombo au pambo. Kituo kilijibu kuwa vipindi vingi, si chake tu, vilikuwa vimepangwa upya kwa ajili ya uchaguzi. Hoja ya kituo ina uzito, kwani habari za kura hazingojei. Lakini haijibu swali lake. Aliyeitwa arudi alikuwa msomaji, na yeye alikuwa amejihesabu nanga.

Siku chache baadaye waliachana. Mwaka huo huo saa zile alikabidhiwa Joy Reid, na kipindi kipya, AM Joy, nacho kikabeba jina la mtangazaji wake.