Sura ya Saba: Babu wa Mwaka 1885

Tarehe 29 Juni 1981 Zaire, Kongo ya leo, ilipata sheria mpya ya uraia. Raia wa asili, ilisema sheria hiyo, ni yule ambaye walau mmoja wa wahenga wake alitokana na kabila lililokuwa limekaa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Tangu siku hiyo familia nyingi za Masisi na Walikale, huko Kivu mashariki mwa nchi, zilijikuta zinahitaji babu wa karne ya 19, na si babu wa masimulizi tu, bali babu mwenye ushahidi.

Tarehe yenyewe ilitoka Ulaya. Mwezi huo wa Agosti 1885 Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, aliyatangazia mataifa makubwa mipaka ya Dola Huru la Kongo, ilhali hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona Ziwa Kivu. Wa kwanza kulifikia alikuwa Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894: alitoka Pangani, akapita Rwanda ya Mwami Rwabugiri, akapanda Nyiragongo, kisha akapenya misitu ya magharibi hadi akatokea kwenye mto Kongo. Mpaka unaoitenga Kivu na Rwanda ulikubaliwa Brussels mwaka 1910 tu, robo karne baada ya tarehe ambayo sheria iliiweka kuwa kipimo.

Kwa hiyo msomaji aelewe jambo moja kabla hajafunga safari kwenda kwenye nyaraka: hakuna karani aliyemwandika mtu wa Masisi au Walikale mwaka 1885. Karatasi hiyo haikuungua wala haikuibwa, haikuwahi kuandikwa. Anayekuuzia cheti cha namna hiyo anakuuzia uongo. Babu wa 1885 hufikiwa kwa kurudi nyuma, kupitia karatasi walizoandikiwa watoto na wajukuu wake. Nazo karatasi hizo zote ziliandikwa na mtu aliyekuwa akitaka kitu: kodi, askari, mbeba mizigo, au roho ya kuokoa. Ukijua mwandishi alitaka nini, utajua pia alimwacha nani nje.

Hesabu ya hatua

Njia si ndefu kama inavyodhaniwa. Chukua mtu aliyezaliwa mwaka 1965. Baba yake huenda alizaliwa karibu na 1935, babu yake karibu na 1905, na baba wa babu karibu na 1875. Hatua tatu tu, nawe umeshamfikia mtu aliyekuwa hai mwaka 1885. Babu wa 1905 ndiye kiungo cha mnyororo mzima: alikuwa mtu mzima enzi za Wabelgiji, na Wabelgiji walipenda kuandika. Mtafute huyo kwanza. Baba yake atajitokeza kwenye mstari mmoja wa karatasi za mwanawe.

Daftari la kodi

Nchini Uingereza, hesabu ya watu imetaja majina ya wote waliolala ndani ya nyumba tangu 1841, kwa kawaida kila baada ya miaka 10. Mtafiti wa huko hufungua orodha ya 1881 na kumkuta mhenga wake pamoja na mke, watoto, umri na kazi yake. Anayeingia kwenye utafiti wa Kivu akitarajia hivyo atakata tamaa mapema. Hesabu kamili ya watu nchini Kongo imefanyika mara moja tu, mwaka 1984. Utafiti mkubwa wa idadi ya watu wa 1955 hadi 1957 ulichukua sampuli. Ulitaka kujua uzazi na vifo, si ukoo wa mtu.

Kilichokuwepo ni daftari la kodi. Amri ya tarehe 2 Mei 1910 iliwaweka wananchi chini ya machifu waliotambuliwa na Leta, yaani serikali ya kikoloni, ikaweka na kodi ya fedha. Ili kutoza ilibidi kuandika, na aliyeandikwa kwanza ni mwanamume mzima mwenye nguvu. Baadaye kila mwanamume akawa na fishi yake, yaani kadi, katika ofisi ya teritware (wilaya ndogo ya utawala). Fishi ya kawaida ilitaja jina, jina la baba na la mama, kijiji, kapita au chifu, kabila, mwaka wa kuzaliwa kwa kukadiria, wake na watoto, na kodi zilizolipwa. Mfukoni mwake alibeba buku, yaani kijitabu, lenye maelezo yaleyale.

Wanawake waliingia daftarini kupitia waume zao. Mwenye wake zaidi ya mmoja alidaiwa nyongeza ya kodi kwa ajili yao, hivyo bibi aliyekuwa mke wa pili anaweza kuwa ameandikwa kwa uangalifu kuliko yule wa kwanza. Mjane asiye na mtoto wa kiume wa kulipa kodi hupotea kabisa.

Uwe na mashaka na umri. Karani alimtazama mtu, akauliza swali moja au mawili, akaandika. Ndiyo maana fishi nyingi zimerundikana kwenye 1900, 1905 na 1910, kana kwamba akina mama wa Kivu walikuwa wakizaa kila baada ya miaka mitano. Mwaka unaoishia na sifuri au tano uuchukulie kuwa makisio mpaka kitu kingine kiuthibitishe.

Kumbuka pia kwamba Walikale ilikuwa nchi ya misitu, na vijiji vya Wanyanga, Wakano na Wakumu vilikuwa vidogo na vimetawanyika. Aliyetaka kuepa karani aliingia porini. Mwanamume asiyeonekana daftarini mwaka 1920 si lazima kwamba alikuwa bado hajazaliwa; huenda alikuwa na sababu nzuri ya kutoonekana.

Daftari la askari

Force Publique, jeshi la Leta, liliundwa kuanzia 1886. Askari wake wa mwanzo walitoka Zanzibar na Afrika Magharibi. Amri ya 1891 ndiyo iliyoanza kuwadai machifu wa Kongo vijana kila mwaka. Jeshi hilo lilipigana na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Maniema kati ya 1892 na 1894, kisha mwaka 1897 kikosi cha Baron Dhanis kikaasi huko Ndirfi, na waasi wakateremka kusini wakipigana kwa miaka kadhaa.

Hapo mtafiti wa Masisi asikimbilie kujivunia babu askari wa vita vya Waarabu. Wakati huo Leta haikuwa na mkono imara kwenye milima ya Kivu, kwa hiyo haikuwa rahisi kuandikisha vijana huko. Kinyume chake kinawezekana zaidi: askari au mpagazi kutoka Maniema au Sankuru aliyefika na jeshi, akaoa karibu na kituo cha Leta, na watoto wake wakahesabiwa kwa wajomba. Familia yenye masimulizi ya mhenga aliyekuja na bunduki ianze kumtafuta alikotoka, si alikofia.

Karatasi ya askari, pale inapopatikana, ni tajiri kuliko ya kodi: namba ya jeshi, chifu aliyemtoa, tarehe ya kuingia, vikosi alivyotumikia, adhabu, nishani, mwisho wa mkataba. Namba ndiyo ufunguo. Majina yalirudiwa na kuandikwa ovyo, lakini namba ilimfuata mtu mpaka mwisho. Ukikuta nishani ya babu, buku la zamani au barua yoyote ya malipo, nakili namba kabla ya kitu kingine chochote.

Usiliamini sana neno lililoandikwa kwenye kabila. Jeshini askari wengi waliitwa Bangala bila kujali walikotoka. Na chifu aliyedaiwa vijana hakumtoa mwanawe kwa hiari. Alimtoa mtumwa, mgeni, yatima, au kijana mkorofi. Ikiwa karatasi inasema babu yako ni mtu wa chifu fulani, inakueleza alitolewa na nani. Haisemi alizaliwa na nani.

Vita ya 1914 ndiyo iliyoigusa Kivu kwa ukubwa. Mstari wa mapigano ulipita kando ya ziwa, na tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora. Nyuma ya askari walikuwapo wapagazi, tengatenga, ambao makadirio yanayotajwa mara nyingi huwafikisha 260,000 kwa vita nzima. Askari alikuwa na namba. Mpagazi alihesabiwa pamoja na mizigo. Familia nyingi zina mhenga aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi, na wengi wa hao hawatapatikana kwenye orodha yoyote ya majina. Kwa hao, masimulizi ya familia ndiyo hati pekee.

Daftari la ubatizo

Hazina ambayo watafiti huichelewa ni kabati la parokia. Mapadri Weupe walipofika kwenye mwambao wa Kivu na milima ya Wahunde mwanzoni mwa karne ya 20, kila aliyebatizwa aliandikwa kwa Kilatini katika daftari lenye namba.

Tuseme unakuta mstari wa mwaka 1928: mwanamume amebatizwa Petrus, umri takriban miaka 50, jina la baba limetajwa na jina la mama limetajwa, mdhamini ni fulani, kijiji fulani. Mtu wa miaka 50 mwaka 1928 alizaliwa karibu na 1878. Na wazazi wake, ambao hawakumwona padri maishani mwao, wameandikwa kwa sababu utaratibu wa Kanisa uliwataka watajwe. Hapo mstari mmoja umekupa watu watatu wa karne ya 19. Sasa geuza macho kwenye ukingo wa ukurasa: ndoa huandikwa pale pembeni, pamoja na jina la mke na parokia ilikofungwa, hata kama ni miaka 20 baadaye. Ukingo huo ndio unaokutuma kwenye daftari linalofuata. Mdhamini naye asipuuzwe, maana mara nyingi ni ndugu au jirani wa karibu.

Majina yanayoteleza

Nusu ya kazi ni kulitambua jina. Mtoto hakurithi jina la baba, hivyo ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana. Kwa Wanyanga mtu huitwa pia kwa mwanawe: katika utenzi wa Mwindo, uliosimuliwa na Shé-Kárisi Rureke na kurekodiwa na Daniel Biebuyck mwaka 1956, baba wa shujaa anaitwa Shemwindo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na jina moja kwenye kodi ya 1915 na lingine kwenye kodi ya 1925, baada ya mtoto kuzaliwa. Karani aliyeandika kwa Kifaransa aliweka ou pale tunapoandika u, akabadilisha r na l. Na mwaka 1972 Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, Petrus wa parokiani alitoweka kwenye vitambulisho. Tengeneza orodha ya kila namna ambayo jina lingeweza kuandikwa, na utafute zote.

Mahali pia huteleza. Hadi 1933 Kivu ilikuwa wilaya ya Jimbo la Mashariki, hivyo barua za miaka hiyo zinaweza kulala kwenye mafungu ya Stanleyville, makao ya jimbo hilo. Baadaye ni jimbo la Costermansville, kisha la Kivu, na tangu 1988 la Kivu ya Kaskazini. Sehemu kubwa ya nyaraka za koloni ilipelekwa Brussels, na imekuwa ikihamishiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa la Ubelgiji.

Familia zilizoletwa kutoka Rwanda zina mlango wao. Kuanzia 1937 hadi katikati ya miaka ya 1950, idara ya Wabelgiji iliyojulikana kwa ufupi kama MIB iliwahamishia watu wapatao 85,000 Masisi na jirani zake, Gishari ikiwa kitovu chake. Kwa wazao wao, mhenga wa 1885 hutafutwa kwenye parokia na tarafa za Rwanda. Lakini kuwa na babu aliyehamishwa hakuondoi uwezekano wa kuwa na bibi aliyezaliwa Masisi, wala hakusemi lolote kuhusu Wanyarwanda waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya mpaka wa 1910. Fuata pande zote za wazazi.

Pale karatasi inapokoma

Ukimaliza daftari, rudi kwa wazee, lakini usiulize mwaka. Uliza tukio. Je, alizaliwa kabla ya mashambulizi ya Rwabugiri, aliyefariki 1895? Alikuwa tayari anachunga ng'ombe ilipoingia sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890? Alikuwa ameoa vita ya Wajerumani ilipoanza? Walikale, uliza aliingia jando na akina nani, kisha watafute wenzake wa rika katika madaftari. Matukio mawili, moja kabla na moja baada, yanatosha kumfungia mtu ndani ya miaka 10 au 15.

Kazi hii ina hatari yake. Mwaka 1991 serikali iliendesha zoezi la kuwatambua raia; Masisi lilileta vurugu, na Machi 1993 mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, yalienea Masisi nzima. Sheria ya 2004 imeuhamisha mstari: sasa inataja makabila ambayo watu na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Kongo wakati wa uhuru, 1960. Hata hivyo, swali la nani alitangulia bado linaulizwa kwa mapanga. Karatasi ya kodi inathibitisha kwamba mtu fulani alidaiwa kodi mahali fulani mwaka fulani. Haithibitishi kwamba jirani yake hakuwepo.

Kwa hiyo unapochora mti wa ukoo, tumia alama tatu: moja kwa kilichoandikwa na mtu aliyeshuhudia, moja kwa kilichokadiriwa na karani, moja kwa kilichosimuliwa na familia. Babu wa 1885 atakuwa karibu kila mara chini ya alama ya pili au ya tatu. Mwandike hivyo hivyo, pamoja na jina la aliyekusimulia na tarehe ya mazungumzo, ili atakayekuja baada yako ajue aendelee kutafuta wapi.