Alama za Kwenye Boksi la Kichoma Diski

Mwanzoni mwa 2008 Apple ilitoa MacBook Air, kompyuta mpakato nyembamba isiyo na mlango wa diski, na aliyetaka kusoma au kuchoma CD akaambiwa anunue chombo cha pembeni. Watengenezaji wengine wakafuata. Leo ni nadra kukuta kompyuta mpakato mpya yenye mlango huo, lakini diski zenyewe hazijaisha. Kuna hospitali ambazo bado humkabidhi mgonjwa picha zake za MRI kwenye CD, wapiga video za harusi bado wana wateja wanaotaka DVD ya kuweka kabatini, na rekodi nyingi za kwaya na mahafali za miaka ya 2000 hazipo kwingine kokote. Ndiyo maana vichoma diski vya nje vinaendelea kuuzwa, na maboksi yake yamejaa alama za kuvutia macho.

Kila alama inafaa kuulizwa swali moja: kazi hii kichoma kinaifanya peke yake, au kinahitaji mwenzake? Mara nyingi kinahitaji, na huyo mwenzake pengine hayupo tena sokoni.

Mfano mzuri ni LightScribe ya HP. Diski ilichomwa upande wa data, kisha ikageuzwa, na leza ileile ikachora jina au picha upande wa juu. Ilipendeza kweli, ingawa picha ilikuwa ya rangi moja tu, ilififia ikiachwa juani, na mchoro wa kujaza uso mzima ulikula dakika 20 na zaidi. Tatizo ni kwamba ilihitaji diski zilizopakwa dawa maalumu pamoja na programu yake. HP iliachana na mradi huo zamani, na diski hizo sasa ni za kuwinda. Anayekuta kichoma cha mtumba chenye alama hiyo asiongezewe bei kwa ajili yake.

Alama inayowachanganya wengi zaidi ni USB 3.0. Muuzaji atasema inachoma haraka. Hesabu inasema vingine: kasi ya DVD ya 1x ni takriban megabaiti 1.4 kwa sekunde, na vichoma vyembamba vya nje huishia 8x, yaani kama megabaiti 11. USB 2.0 ya zamani ina uwezo wa megabaiti 60 kwa sekunde kwenye karatasi, na hata zikipotea nyingi njiani, barabara bado ni pana kuliko gari. DVD haitachomeka haraka zaidi kwa sababu ya waya. Hata Blu-ray ya 6x inahitaji megabaiti 27 tu.

Faida ya tundu la USB 3.0 iko kwenye umeme. Tundu la USB 2.0 limeruhusiwa kutoa nusu ampia, la 3.0 ampia 0.9, na kichoma huhitaji umeme mwingi hasa pale mota inapoanza kuzungusha diski na leza inapochoma. Kikikosa nguvu hujizima na kujiwasha, au huharibu diski katikati ya kazi, na lawama zote humwangukia muuza diski. Watengenezaji wengine walitoa waya wenye vichwa viwili ili umeme uchotwe kwenye matundu mawili kwa pamoja. Vile vigawanyio vya USB vya bei rahisi, visivyo na umeme wao wenyewe, ni vya kuepuka kabisa katika kazi hii.

Kinga ya kukatika kwa data nayo hutangazwa kwa majina mengi. Sanyo iliileta mwaka 2000 kwa jina BURN-Proof, ikiwezesha kichoma kusimama kompyuta inapochelewa kuleta data na kuendelea palepale, na siku hizi ni kitu cha kawaida. Si sababu ya kulipa zaidi.

M-DISC ni habari tofauti. DVD za kawaida za kuchomea mara moja huhifadhi data kwenye rangi ya kikaboni, ambayo joto, unyevu na mwanga huila polepole. M-DISC hutumia tabaka lisilo la kikaboni, na leza yenye nguvu zaidi hulichimba. Ikishachomwa, DVD hiyo husomeka kwenye mashine za kawaida. Kampuni ya Millenniata ya jimbo la Utah ilitangaza kuwa itadumu miaka 1,000. Yenyewe ilifilisika 2016. Miaka hiyo elfu mtu anaweza kuicheka, lakini kwa anayehifadhi kumbukumbu za familia katika miji yenye unyevu kama Mombasa au Tanga, alama hii ina maana, mradi awe na uhakika wa kupata diski zake.

SecurDisc, inayofunga data kwa nywila, inataka kichoma kinachoikubali na programu yake. Njia isiyo na masharti hayo ni kuyafunga mafaili kwa programu ya bure kama 7-Zip kabla ya kuyachoma.

Kwa filamu za dukani kuna jambo ambalo maboksi hulinyamazia: kanda, yaani eneo la dunia ambako diski imekusudiwa kuchezwa. Tanzania na Kenya zimo kanda ya 5 ya DVD, Oman na Uingereza kanda ya 2, Marekani kanda ya 1. Kichoma huruhusu kubadili kanda mara 5 tu, kisha hubaki ilipoishia. Mwenye DVD alizotumiwa na ndugu wa Muscat na wa Chicago asibadilibadili ovyo.

Alama ya 4K Ultra HD inahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu ulinzi wa filamu hizo kwenye kompyuta ulitegemea SGX, sehemu ya vichakato vya Intel ambayo kampuni hiyo iliiondoa kwenye Core za kizazi cha 11 na cha 12. Hivyo kompyuta ya zamani inaweza kuionyesha filamu ambayo mpya inaikataa, kwa kichoma kilekile. Kwa kuhifadhi data, kizuizi hicho hakihusiki: kichoma chenye alama ya BDXL kitaandika gigabaiti 100 kwenye diski moja.