MBONA WA MWISHO NDIYE ANAYEKUMBUKWA?

Wahenga walinena kwamba kutangulia si kufika. Ndugu msomaji, methali hii tunaiandika kila mara katika insha zetu, lakini siku ya michezo tunaisahau kabisa. Leo nataka kukueleza habari za Mkenya mmoja aliyefika wa mwisho, na sababu ya jina lake kutajwa kila watu wanapokumbuka michezo aliyoshiriki.

Kwanza nieleze michezo yenyewe, maana sisi wa Kosele theluji tunaiona kwenye picha tu. Tunachokijua ni mvua ya mawe, ile inayopiga mabati kwa dakika chache, inapasua majani ya migomba, halafu inayeyuka kabla hujaokota ya kutosha. Kuna nchi ambazo theluji hulala chini kwa miezi mingi, na watu wake wamezoea kusafiri juu yake. Huko ndiko ilikotoka Olimpiki ya Majira ya Baridi.

Mchezo mmojawapo ni mbio ndefu za theluji. Mshindani hufunga miguuni skii, yaani vipande viwili vyembamba, virefu kama yeye au kumpita. Mikononi hushika fimbo mbili za kujisukumia. Chini ya skii hupakwa nta maalum. Nta ikikosewa, basi taabu: ama theluji inanata chini, ama ukipanda kilima unarudi nyuma. Katika mbio za aina ninayoeleza washindani hawaondoki pamoja. Mmoja huondoka, mwingine hufuata baada ya nusu dakika, na saa ndiyo inayoamua mshindi.

Mwaka 1998 Olimpiki hiyo ilifanyika Nagano, Japani, kuanzia tarehe 7 hadi 22 Februari. Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza, tena kwa mshindani mmoja tu. Jina lake Philip Boit, kutoka upande wa Eldoret. Kazi yake ilikuwa kukimbia mita 800, na ni wa ukoo wa Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mbio hizo kule Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Finland pamoja na mwenzake Henry Bitok, ili ijulikane kama mkimbiaji wa Kenya anaweza kugeuka kuwa mkimbiaji wa theluji. Hebu fikiri: wenzake walifunga skii wakiwa watoto wadogo, naye alianza akiwa mtu mzima, na miaka miwili baadaye yuko Olimpiki!

Tarehe 12 Februari zikaja mbio za kilomita 10. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, theluji imelowa na kuwa nzito. Bjørn Dæhlie wa Norway alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24, akachukua dhahabu. Boit alikuwa bado yuko njiani. Alijikokota, akasimama tena, akaendelea. Alifika akiwa wa 92, wa mwisho kati ya waliomaliza, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dakika 20 nzima nyuma ya mshindi!

Sasa sikiliza. Dæhlie hakwenda zake kuoga wala kula. Alisimama pale mwisho wa mbio akimngoja Boit, na shughuli ya kutoa medali ikabidi ingoje pia. Boit alipovuka mstari, bingwa alimkumbatia. Urafiki ukaanzia hapo, na Boit alipopata mtoto wa kiume alimwita Dæhlie. Naam, jina la Kinorwe katika boma la Wakalenjin!

Boit hakuishia hapo. Alirudi kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 na ya Torino mwaka 2006. Mwaka 2010 hakufuzu kwenda Vancouver, lakini mwaka 2011 alionekana tena katika mashindano ya dunia mjini Oslo, nyumbani kwa akina Dæhlie.

Mji ulioandaa Olimpiki hauisahau. Ikitimia miaka kumi au ishirini watu hukumbushana, na wanamichezo wa zamani hualikwa warudi. Nagano ilitimiza miaka 20 mwaka 2018, na miaka 30 inatimia Februari 2028. Lakini mwanamichezo mzee anaporudi, anarudi kwa nani? Uwanja ni ule ule, ila hauna mdomo wa kumkaribisha.

Watu wa Nagano walilifikiria jambo hilo mapema. Walianzisha mpango wa Shule Moja, Nchi Moja. Shule za mji ule ziligawiwa nchi, kila shule na nchi yake. Wanafunzi walijifunza salamu za nchi hiyo, nyimbo na desturi zake, na wageni walipofika wakawashangilia kama ndugu. Miji mingine iliyoandaa Olimpiki baadaye iliiga mpango huo, Salt Lake City ukiwemo. Watoto wale sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Mwanamichezo akirudi kwenye ukumbusho, hao ndio wenyeji wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Hapo ndipo ninapopata jibu la swali langu. Kati ya Dæhlie na Boit walikuwepo watu 90. Aliyepata fedha siku ile alikuwa Markus Gandler wa Austria, mwanamichezo hodari sana, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kumsikia? Boit anakumbukwa kwa sababu alimaliza, na kwa sababu kulikuwa na mtu aliyemngoja. Yote mawili yalihitajika. Angemaliza mahali ambapo wote wameshaondoka, nani angesimulia?

Sasa turudi nyumbani. Jamani, sisi tunafanyaje? Katika mita 5,000, wa tatu akishafika, utepe unakunjwa. Aliyebaki nyuma mizunguko miwili anapigiwa kelele atoke, eti anachelewesha watu na chakula kinapoa. Anatoka akiinamisha kichwa, na mwaka unaofuata hajiandikishi tena. Hivyo ndivyo tunavyowapoteza wakimbiaji, halafu tunalalamika kwamba timu yetu ni dhaifu.

Walimu wetu wapendwa, na nyinyi manahodha wa nyumba, ombi langu ni dogo. Utepe usikunjwe mpaka wa mwisho avuke. Na wewe uliyeshinda, usikimbilie sodo ya maji. Simama pale mstarini, mngoje mwenzako. Siku shule itakapoadhimisha miaka yake na kutuita sote turudi, huenda yule wa mwisho ndiye atakayekuja wa kwanza.