Kabla ya kitunguu saumu, ujue kwanza kama ni fangasi

Mwanamke anayewashwa sehemu za siri siku hizi hakosi mshauri. Shoga atamwambia aweke punje ya kitunguu saumu usiku, jirani atamtajia mtindi, mwingine atampa siki ya kuchanganya na maji ya vuguvugu, na kwenye simu litapita tangazo la dawa inayotibu "fangasi sugu" na "UTI sugu" kwa mpigo. Wote hao wameshaamua kwamba ni fangasi, na kwa maoni yangu uamuzi huo wa haraka una madhara kuliko kitunguu chenyewe. Mwaka 2002 watafiti wa Georgia, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake 95 waliojinunulia dawa ya fangasi dukani. Takriban theluthi moja tu ndio waliokuwa na fangasi peke yake. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria au mchanganyiko wa magonjwa, na baadhi hawakuwa na maambukizi yoyote. Kama dawa halisi ya dukani ilikosea kiasi hicho, ya jikoni haiwezi kulenga vizuri zaidi.

Fangasi wanaosababisha tatizo hili mara nyingi ni Candida albicans, ambao huishi kimya kinywani, tumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya. Huzidi pale mazingira yanapobadilika: baada ya kutumia antibiotiki, wakati wa ujauzito, sukari ya damu ikiwa juu, au kinga ya mwili ikishuka. Dalili zake ni muwasho mkali, wekundu, maumivu mkojo unapogusa ngozi iliyochubuka, na uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, usio na harufu kali. Ute mwepesi wa kijivu wenye harufu ya samaki huelekeza kwa bakteria. Ute wa kijani au njano wenye povu unaweza kuwa trikomonasi, ugonjwa wa zinaa unaomtaka na mwenzi atibiwe. Uke wenye afya una asidi, kipimo cha pH kati ya 3.8 na 4.5, na mwenye fangasi kwa kawaida hubaki humo humo. Kwa hiyo anayejimiminia siki au ndimu anarudisha asidi ambayo haikuondoka, huku akiunguza ngozi iliyokwisha kuvimba.

Watetezi wa tiba za nyumbani wana hoja, nayo isidharauliwe: maabara imeonyesha kweli kwamba kitunguu saumu huua Candida, na mwaka 2007 watafiti wa Ibadan, Nigeria, waliona mafuta ya nazi yakifanya hivyo hivyo. Ila hayo yalitokea kwenye vyombo vya maabara. Vidonge vya kitunguu saumu vilipojaribiwa kwa wanawake huko Melbourne, Australia, katika utafiti uliochapishwa 2014, havikupunguza fangasi ukeni kwa kiwango cha maana. Punje mbichi ikiwekwa ukeni inaweza kuunguza. Mafuta ya nazi hutuliza ngozi ya nje, lakini hudhoofisha kondomu za mpira. Mtindi ulionyesha matumaini mwaka 1992 kwa wanawake wachache walioula kila siku. Lakini jaribio la Melbourne la 2004, lililotumia bakteria wa aina hiyo hiyo kuzuia fangasi baada ya antibiotiki, halikuona faida. Mtindi uliwe mezani kwa lishe yake.

Wapo watakaosema bibi zetu walipona kwa hayo hayo. Huenda walipata nafuu, kwa sababu muwasho huja na kuondoka, na kitu cha baridi hutuliza kwa saa chache. Ila waliokuwa na trikomonasi walibaki nayo. Jambo la nyumbani lenye ushahidi mzito zaidi ni kuacha kujiosha ndani. Uchambuzi wa 2011, uliojumuisha takwimu za wanawake zaidi ya 14,000 wa Afrika kusini mwa Sahara, uliona kwamba waliojiosha ndani kwa sabuni au kujipangusa ndani kwa kitambaa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU. Takwimu za aina hiyo pekee hazithibitishi chanzo, lakini zinatosha kumfanya mtu aweke sabuni kando. Maji matupu kwa nje yanatosha. Kuvaa chupi ya pamba isiyobana, kubadili nguo zenye jasho na kutomeza antibiotiki kwa kubahatisha kila mafua yanapokuja ni mambo yasiyo na gharama.

Aibu na umbali wa zahanati ni vikwazo vya kweli. Aliyewahi kupimwa na kuambiwa ana fangasi, naye akaona dalili zile zile, anaweza kuanzia duka la dawa: klotrimazoli ya kuweka ukeni, au flukonazoli ya miligramu 150 ya kumeza mara moja. Mjamzito asimeze flukonazoli. Yeye hutumia klotrimazoli ya ukeni kwa siku saba. Lakini anayeumwa kwa mara ya kwanza, au mwenye homa, maumivu chini ya kitovu, vidonda au harufu, aende akapimwe.

Wanaostahili huruma zaidi ni wale ambao fangasi huwarudia mara tatu, nne au zaidi kwa mwaka, kwani ndio wanaowindwa na matangazo. Wanahitaji sampuli ya ute ichunguzwe, maana baadhi ya jamii za Candida hazisikii flukonazoli. Wapimwe pia sukari na VVU. Ikithibitika, daktari anaweza kuwapa flukonazoli mara moja kwa wiki kwa miezi sita. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, asilimia 90 ya waliotumia mpango huo walikaa bila ugonjwa kwa miezi yote sita, ikilinganishwa na asilimia 36 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya kuacha, zaidi ya nusu waliugua tena kabla mwaka haujaisha. Mgonjwa aambiwe hilo tangu mwanzo, ili ugonjwa ukirudi arejee kwa daktari yule yule.