Hukumu ya Kufuga Chatu na Kuuza Watoto Wake

AlhamduliLlaah. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Ama baada ya hayo, tuchukulie kijana wa Iramba au Manyoni, mkoani Singida, aliyeokota mayai ya chatu shambani, yakaanguliwa nyumbani kwake. Je, inafaa awafuge na kuwauza, naye hana kipato kingine?

Wanavyuoni wamesema kukihukumia kitu ni tawi la kukifahamu. Chatu wetu hutaga mayai, na yanaweza kuzidi 30. Mama huyazungushia mwili wake mpaka yaanguliwe. Boa wa bara la Amerika, ambaye wengi Ulaya na Marekani humfuga majumbani, yeye huzaa watoto hai. Hali kadhalika boa mdogo wa mchangani apatikanaye kaskazini mwa Tanzania. Wote hawa hawana sumu. Huua kwa kubana. Lakini chatu mkubwa hufikia mita nne na zaidi, humeza mbuzi, na humdhuru mtoto.

Asli ya kufuga wanyama ni kujuzu. Dalili yake ni Hadiyth ya Abu 'Umayr, mtoto aliyekuwa na kindege chake, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) hakumkataza. Ama nyoka, ametajwa katika riwaya ya Muslim miongoni mwa wanaouliwa hata ndani ya Haram, na wale wa majumbani wameamrishwa kuonywa kwanza. Hapo ndipo baadhi ya Mafaqihi wakasema: kilichoamrishwa kuuliwa hakifugwi. Mashaafi'i hawasihishi kuuza wadudu na nyoka kwa kukosa manufaa yanayozingatiwa kisheria. Mahanafi wameruhusu pale penye manufaa, kama dawa.

Mtu anaweza kusema kuwa nyoka hutoa sumu itengenezayo dawa ya kutibu walioumwa. Ni kweli, lakini hiyo ni kazi ya wataalamu, na chatu hana sumu. Hivyo hoja hiyo haimfai mfugaji wa nyumbani.

Lipo pia la nchi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kumiliki mnyamapori bila kibali, na kutii mamlaka katika mema ni wajibu.

Kubwa zaidi ni 'Aqiydah. Katika Usukuma, jirani na Singida, kuna chama cha Bayeye, mafundi wa nyoka na dawa zake. Anayeamini kuwa chatu huleta mvua, bahati au kinga amegusa mlango wa shirki, hata kama anaswali.

Tunaloliona ni kuwa haifai kumfuga nyumbani wala kumfanyia biashara. Ama hao walioanguliwa, kijana asiwatupe kijijani, kwani hakuna kudhuru wala kudhuriana. Wala asiwafungie bila chakula. Yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa aliadhibiwa kwa ajili yake. Awapeleke taarifa maafisa wanyamapori wa wilaya waje kuwachukua.

Nanyi maimamu, msiishie kumwambia haramu. Msikiti umsaidie kuku au mbuzi wa kuanzia, kwani anayeacha jambo kwa ajili ya Allaah, Allaah humpa lililo bora zaidi.

Wa-Allaahu A'lam.